Utani, Katuni na Simu: Historia ya Kicheko cha Kutumiana

1. Utangulizi

Wanaisimu wanapoichunguza simu ya mkononi pamoja na Kiswahili, mara nyingi huchunguza umbo la lugha: maneno yaliyokatwa, irabu zilizodondoshwa, Kifaransa na Kilingala vilivyochanganywa na Kiswahili katika sentensi moja. Hayo yanastahili utafiti. Hata hivyo, mtu akitazama yale ambayo watu hutumiana kutwa kucha, ataona kwamba sehemu kubwa si habari wala biashara. Ni vichekesho: picha ya mlinda mlango aliyeruka upande usio wake, mzaha juu ya timu iliyofungwa, mchoro wa mwalimu anayesinzia mbele ya wanafunzi wake. Wanaotumiana mambo hayo pengine hawajapata kuonana ana kwa ana. Wameunganishwa tu na kitu wanachokipenda, na mara nyingi kitu hicho ni mpira wa miguu.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya desturi hiyo katika Afrika ya Mashariki na katika Kongo ya Mashariki, na kulijibu swali moja: mtu anapomcheka mwenzake, amepewa ruhusa na nani? Hoja yetu ni kwamba katika jadi ya watumiaji wa Kiswahili ruhusa ilitangulia kicheko, na ruhusa hiyo ilikuwa na gharama yake, iliyolipwa msibani. Gazeti, ushabiki na simu viliibadilisha njia ya kuipata ruhusa, lakini gharama haikufutika. Mwandishi anaishi Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni katika Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo swali hili limekwisha kutoka katika vitabu na kuingia nyumbani mwa watu.

2. Utani wa jadi na masharti yake

Neno utani lina maana mbili. Kwa maana pana ni mzaha wowote. Kwa maana ya asili ni uhusiano maalumu kati ya watu wawili, koo mbili au makabila mawili, ambao katika uhusiano huo mmoja ana ruhusa, na pengine wajibu, wa kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake haruhusiwi kukasirika. A. R. Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa namna hiyo katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1940. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliongoza utafiti juu ya utani wa makabila mbalimbali ya Tanzania.

Kuhusu asili ya utani wa makabila, maelezo mengi yanataja mambo mawili ya karne ya 19: vita na misafara. Wangoni walipigana na watu wengi walipokuwa wakihamia kaskazini, na baadaye waliopigana nao wakawa watani wao. Wanyamwezi na Wasukuma, waliobeba mizigo baina ya bara na pwani, wakawa watani wa Wazaramo na wa watu wengine waliokaa njiani. Mpagazi aliyekuwa mbali na kwao alihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Akifa, alihitaji mtu wa kumzika. Utani ulimpatia ndugu mahali asipokuwa na ndugu. Tukumbuke kwamba Kiswahili cha Kongo nacho, kile kilichoitwa Kingwana, kilifika Maniema na kuenea kwa miguu ya misafara hiyo hiyo.

Kutokana na maelezo ya watafiti hao tunaweza kutaja masharti matatu ya utani. Kwanza, mtani anajulikana. Hakuna utani na mtu usiyemjua asili yake. Pili, mzaha hujibiwa. Anayedhihakiwa leo ana haki ya kudhihaki kesho. Tatu, mtani ana kazi msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania watani ndio waliochimba kaburi na kuhudumia waombolezaji, na ndio walioruhusiwa kufanya mzaha mbele ya maiti: kumwigiza marehemu, kuiga mwendo na sauti yake, kudai malipo ndipo mazishi yaendelee. Mgeni aliyeona hayo alidhani ni utovu wa adabu. Wenyeji walijua kwamba mtu aliyekucheka ulipokuwa hai ndiye mwenye haki ya kuwachekesha watoto wako siku ya kilio.

Kwetu hali haikuwa na sura ile ile ya makabila na misafara, lakini msingi wake unafahamika. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, babu na mjukuu wanaruhusiwa maneno ambayo baba na mwana hawathubutu. Babu akimwita mjukuu wake wa kike mke wake, hakuna anayeshangaa. Ruhusa imetolewa na ukoo.

3. Mtani wa karatasi

Kuchapishwa kwa picha za kuchekesha kulileta tatizo jipya. Gazeti husomwa na watu elfu ambao si watani, sasa mchoraji amcheke nani? Jibu lililopatikana katika nchi zetu karibu zote lilikuwa moja: kumbuni mtu wa karatasi, mjinga au mjanja, abebe dhihaka kwa niaba ya wasomaji wote.

Nchini Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, ambaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa miongo mingi. Nchini Tanzania Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika gazeti la vichekesho la Sani, lililoanza katika miaka ya 1970, Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, aliwachora watu kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambao majina yao yaliingia katika mazungumzo ya mitaani. Mtu wa Dar es Salaam aliweza kumwita jirani yake Lodi Lofa pasipo kumtukana. Tusi lilikuwa limekwisha kubebwa na mwingine.

Kongo nayo ilikuwa na watu wake. Katika miaka ya 1950 padre Albert Van Haelst, mmisionari katika Kasai, alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, ambazo zilioneshwa sehemu nyingi za nchi. Katika miaka ya 1970 Mongo Sisse aliwageuza wawili hao kuwa watu wa katuni. Gazeti la Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa katika miaka ya 1960, lilimtoa Apolosa, askari wa mchoro, na kuchapisha maneno ya vijana wa mjini jinsi walivyoyasema, yaani Kifaransa, Kilingala na lugha ya mitaani iliyoitwa Hindubill. Baadaye Thembo Kash, mchoraji wa katuni za kisiasa ambaye majina yake ya Thembo na Muhindo ni ya kawaida kabisa kwetu, aliwachora wakubwa wa nchi katika magazeti ya Kinshasa.

Tofauti na utani wa jadi ni dhahiri. Msomaji anamcheka Chakubanga, lakini Chakubanga hawezi kumjibu, wala hatakuja kuchimba kaburi la mtu. Sharti la pili na la tatu yamepotea. Hata hivyo sharti la kwanza limehifadhiwa kwa ustadi: anayechekwa anajulikana na wote, na hana ndugu wa kuumia.

4. Watani wa jadi uwanjani

Ushabiki wa mpira ndio uliorudisha masharti yaliyopotea. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na klabu ambayo leo ni Simba ilitokea mwaka 1936 baada ya mgawanyiko. Kwa muda mrefu iliitwa Sunderland, hadi ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Watanzania hawaziiti klabu hizi maadui. Huziita watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Ni dhana ile ile ya Wazaramo na Wanyamwezi iliyohamishwa kutoka kabila kwenda klabu.

Tazama jinsi sharti la kujibiwa linavyofanya kazi. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa mabao 6 kwa 0. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ikashinda 5 kwa 0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5 kwa 1. Kila idadi kati ya hizo ni hazina ya mizaha. Baada ya mchezo wa mwaka 2023, vidole vitano vilivyonyooshwa vilitosha kuwa sentensi kamili. Mwenye Simba alipooneshwa picha ya mkono uliofunguliwa hakuhitaji kufafanuliwa. Lakini naye alikuwa na mwaka 2012 wa kujibu, na wazee wake walikuwa na 1977. Katika utani huu hakuna anayechekwa milele.

Wakongo wamo katika historia hiyo. Fiston Mayele, aliyetoka AS V.Club ya Kinshasa na kuichezea Yanga kutoka mwaka 2021 hadi 2023, alikuwa akishangilia bao kwa mtetemo wa mwili ambao Watanzania waliuita kutetema. Watoto, wazee na viongozi waliuiga, na picha zao zikatumwa kila mahali. Kabla yake, mwezi wa Desemba 2010 huko Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi iliishinda Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mlinda mlango Robert Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, na picha yake ikazunguka dunia. Kidiaba alikuwa wa kwanza kucheka. Aliyeiga mtindo wake alikuwa akicheka pamoja naye.

5. Simu na alama ya mzaha

Tatizo la kicheko cha maandishi lilionekana mapema kwa wenye kompyuta. Mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, watu waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta walitania kwamba lifti moja ya jengo ilikuwa imechafuliwa kwa zebaki. Baadhi ya wasomaji waliuchukua mzaha ule kuwa onyo la kweli. Ndipo tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman akapendekeza kwamba kila mzaha utiwe alama ya nukta pacha, kistari na mabano, inayofanana na uso unaocheka ukiutazama kwa ubavu. Nyuso ndogo zilizojaa katika simu zetu leo zinafanya kazi ile ile.

Kwa mwanaisimu jambo hili ni muhimu. Mtani wa jadi hakuhitaji alama, kwa kuwa uhusiano wenyewe ulikuwa alama. Fahlman alihitaji alama kwa sababu aliyeandika na aliyesoma hawakuwa na uhusiano uliotangulia maneno.

Katika eneo la Beni na Butembo simu za mkononi zilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi ikiwa bado imegawanywa na vita. Mwanzoni mzaha ulisafiri kwa ujumbe mfupi wa maandishi, na kwa kuwa kila ujumbe ulilipiwa, mtu alichagua wa kumtumia. Thamani ya ujumbe huo ilionekana ulipokosekana: mwezi wa Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali iliufunga nchini kote kwa zaidi ya majuma matatu. Baadaye ikaja WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, pamoja na vikundi vya watu wa ushabiki mmoja na picha zisizolipiwa moja moja. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti nayo ilifungwa nchini kwa karibu majuma matatu. Salamu, mizaha na maonyo vilinyamaza pamoja.

Mabadiliko makubwa kuliko picha yenyewe yaliletwa na kitendo cha kupeleka mbele. Kwa kugusa mara moja, mzaha uliozaliwa kati ya watani wawili unafika kwa mtu wa tatu, wa kumi na wa elfu, ambao hawajui ulianzaje. Kampuni yenyewe ililiona tatizo hilo. Mwaka 2018 iliweka alama ya kuonesha kwamba ujumbe umepelekwa mbele; mwezi wa Januari 2019 iliweka kikomo cha mazungumzo 5 kwa mara moja; na mwezi wa Aprili 2020, kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, mazungumzo 1 tu. Vikomo hivyo vinapunguza mwendo wa ujumbe, lakini havimjulishi mpokeaji kama ana utani na aliyeutunga.

Mfano wa karibuni unaonesha hatari hiyo hata uwanjani. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Moroko, shabiki wa Kongo Michel Nkuka Mboladinga alisimama bila kutikisika muda wote wa michezo, mkono mmoja juu, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwezi wa Januari 2026 Algeria ilipoitoa Kongo, mchezaji Mohamed Amoura aliuiga mkao ule kisha akajiangusha. Picha zilienea, Wakongo wakaumia, na Amoura akaomba radhi akieleza kwamba hakujua mkao ule ulimwakilisha nani. Kitendo chake kwa umbo hakikuwa tofauti na kile cha Watanzania walioiga kutetema kwa Mayele. Kilichokosekana ni sharti la kwanza la utani: kumjua unayemtania, na kumjua maiti wake.

6. Oicha

Tangu mwezi wa Oktoba 2014 wilaya ya Beni imepata mauaji makubwa ya raia, na Oicha, iliyopo kando ya barabara ya taifa namba 4 kaskazini mwa mji wa Beni, imepokea wakimbizi wa vijiji vingi na yenyewe kushambuliwa. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 yaliongezeka maradhi ya Ebola, yaliyoua watu zaidi ya 2,200 katika mlipuko ule. Katika mazingira hayo simu moja, na mara nyingi kikundi kile kile cha mashabiki, hubeba mambo ambayo zamani yalikuwa na njia tofauti: mzaha juu ya Barcelona au Mazembe, uvumi wa maradhi, onyo kwamba adui ameonekana, na picha ya marehemu.

Kutokana na hali hiyo mipaka ya kucheka imekuwa mikali kuliko kwingineko. Kisa cha lifti ya Pittsburgh hakikuua mtu. Lakini mtu wa Oicha akitania, hata tarehe 1 Aprili, kwamba washambuliaji wameingia, watu watakimbia usiku na watoto mgongoni, na hakuna uso mdogo wenye kucheka utakaowarudisha. Akitania mara mbili, onyo la kweli la mara ya tatu halitaaminiwa. Kwa hiyo vikundi vingi vina kanuni isiyoandikwa: timu inachekwa, mwenye timu anachekwa, kukimbia hakuchekwi. Anayeivunja hukemewa, na akirudia huondolewa. Hakuna sheria ya serikali iliyofundisha hivyo. Ni adabu ya utani inayotafuta mahali pake papya.

Jambo la pili ni mtawanyiko. Kijana aliyekimbilia Butembo, Bunia au Kampala hubaki katika kikundi cha mashabiki wenzake wa zamani. Uwanja waliokuwa wakichezea pengine umeota majani, lakini dhihaka za Jumapili jioni zinaendelea, na kwa dhihaka hizo anajulikana kuwa yu hai. Asipomjibu anayemtania kwa siku mbili, huulizwa: uko wapi? Mpagazi wa Kinyamwezi angeielewa haja hiyo mara moja.

Jambo la tatu ni msiba. Mwenzao mmoja anapofariki, vichekesho husimama. Jina lake na picha yake huwekwa, kisha mtu mmoja huteuliwa kukusanya mchango, ambao siku hizi hupitia M-Pesa au Airtel Money, na walio karibu huenda kulala matanga. Baada ya siku kadhaa mmoja hurudisha kikundini kichekesho ambacho marehemu mwenyewe alikipenda au alikituma, labda tusi lake la mwisho dhidi ya timu ya wenzake. Watu hucheka tena, wengine huku wakilia. Hapo tunamwona mtani wa kale akimwigiza marehemu mbele ya waombolezaji, ingawa hakuna aliyewafundisha vijana hao ripoti za Moreau.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba kutumiana vichekesho si jambo lililozaliwa na simu, wala si utani wa jadi uliohamishwa ulivyo. Utani wa jadi ulitoa ruhusa kwa njia ya kabila na ukoo. Gazeti lilimtafuta mtu wa karatasi ili ruhusa isihitajiwe. Ushabiki uliirudisha ruhusa kwa njia ya klabu, pamoja na haki ya kujibu. Simu iliipanua duru ya ushabiki, lakini kwa kitendo cha kupeleka mbele ikaruhusu mzaha utoke nje ya duru iliyoutoa. Pale ambapo kikundi bado kinajulikana, kinajibizana na kinazikana, utani upo, hata kama watani hawajawahi kushikana mikono. Pale ambapo hakuna hata moja kati ya hayo, kilichobaki ni dhihaka tu.

Kwa wanafunzi wa idara zetu lipo funzo la kazi. Wengi wamependa kukusanya vichekesho vya simu kwa ajili ya tasnifu zao, nao huleta daftari lililojaa maneno na picha pasipo majina ya mahusiano. Data ya namna hiyo ni nusu. Mtafiti, kwa idhini ya wenyewe na bila kuyataja majina yao, aandike pia nani alimtumia nani, wana uhusiano gani, nani alijibu, na kikundi kilifanya nini siku mwenzao alipofiwa. Asipoyaandika hayo, atakuwa na vichekesho mkononi lakini hataweza kusema kama wale waliocheka walikuwa watani.